Turbo Tatu za Mzee Magige

Wiki hii nimelala mpaka jua limepanda, na mke wangu akadhani naumwa. Siumwi, nimestaafu. Ovaroli yangu imefuliwa, imeanikwa uani, na kuku wanapita chini yake bila kuijali. Nyie mafundi mliobaki pale gereji Nyamisangura, Tarime, mmenitumia ujumbe mkitaka niwaandikie maneno machache kuhusu kazi. Machache! Miaka yote hii mmenijua, na bado mnaniomba maneno machache. Haya, kaeni chini, na mwenye simu mkononi aiweke mfukoni.

Sitaandika nani alipanda cheo wala nani alilipwa nini. Gereji yetu haijawahi kuwa na vyeo. Kuna fundi, na kuna anayejiita fundi. Nitaandika juu ya turbo, kwa sababu mpaka leo mnaziua huku mnatafuna karanga, na nitaandika juu ya Fundi Ouko aliyenifundisha kazi, kwa sababu wengi wenu hamkumkuta. Mnatumia benchi lake, jeki yake, hata lile karai la kuoshea vyuma, mkidhani vilijiotea vyenyewe pale.

Nilifika kwake nikitoka Ringwani, kule wilaya ya Serengeti, nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Nilichojua ni jembe la kukokotwa na ng'ombe, na mashine moja ya kusaga ya pale kijijini ambayo nilikuwa naifufua kila ikikata roho. Nikajiona fundi. Nikavaa shati safi, nikaja Tarime mjini kuomba kazi ya injini.

Ouko alikuwa Mjaluo, mnene, mtaratibu, nusu ya ukoo wake upande wetu na nusu Migori, ng'ambo ya mpaka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, hakuniuliza cheti. Alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye lori moja, akanisogezea puani.

"Nusa."

Nikanusa.

"Inanuka nini?"

"Inanuka oili, mzee."

"Omera, ndugu yangu, hata ng'ombe angejibu hivyo!" akasema, na gereji nzima ikaangua kicheko.

Basi siku zangu za mwanzo sikushika spana. Nilinusa. Oili iliyoungua ina harufu yake, kali, inapanda mpaka kwenye paji la uso. Oili iliyoingiliwa na dizeli ni nyepesi, inateleza vidoleni. Iliyoingiliwa na maji inageuka rangi ya chai ya maziwa, na hiyo hata usinuse, anza tu kumpa mwenye gari pole. Ouko alinifundisha pia kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha juu ya chuma na mpini sikioni. Nyumbani mke wangu alikasirika kwa sababu nilianza kunusa mboga kabla ya kula. Alisema kama nataka kumkagua niseme wazi, aite wazazi wake.

Halafu dhahabu ikawaka moto. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, homa kabisa. Watu walikuwa wanachimba Nyangoto na vilima vya jirani, wengine kwa sururu na karai tu, na aliyegonga mwamba mzuri, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa ng'ombe, na cha pili kilikuwa gari. Na siyo gari lolote. Walitaka lenye turbo. Walipenda ule mluzi wake gari likipanda mlima, fiiiii, mpaka akina mama mashambani wananyoosha migongo kutazama. Namkumbuka bwana mmoja aliyenunua gari kabla hajajua kuendesha. Aliliweka katikati ya boma, kila jioni anaingia, anafunga mlango, anasikiliza redio na kuwapungia mkono ng'ombe wake. Lile gari halikuharibika kamwe.

Wale walioendesha ndio waliotulisha. Nyie mnazijua turbo, lakini nitaeleza kwa ajili ya yule mmoja wenu anayetikisa kichwa kama anajua. Ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unaisukuma feni ya kwanza, na feni ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini, ndiyo gari linapata nguvu. Ile shafti inazunguka kwa kasi ya ajabu, upande mmoja una moto mpaka chuma kinaiva chekundu, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili tu. Oili hiyo inaletwa na injini. Injini ikizimwa, oili inasimama pale pale, lakini shafti bado inazunguka na chuma bado kinachemka. Oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa mkaa. Mkaa unaziba njia, na safari inayofuata shafti inazunguka kavu. Ndiyo maana gari likitoka kwenye mlima au mwendo mkali, unaliacha lingurume taratibu dakika mbili tatu, mguu umetoka kwenye mafuta, ndipo unazima. Sisi tulikuwa tunaita kuliacha lipumue.

Hilo Ouko alimwambia kila dereva, na madereva waliitikia, na wengine wakaenda kufanya mengine ya kwao. Kuna aliyetoa filta ya hewa akaitupa ili gari lipate hewa nyingi, na kweli likapata, pamoja na vumbi lote la barabara ya Nyangoto. Feni zilitoka zimelika kama meno ya bibi. Kuna aliyeongeza mafuta ya kula kwenye injini. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila wasiwasi, "Si ndiyo safi zaidi, mura?" Mura, yaani kijana kwetu Wakurya. Jamani. Nilitoka nje kwanza nikacheka, nikarudi kumfungulia injini.

Hawa walikuwa wateja wepesi. Unaona kosa, unalisema, unarekebisha. Aliyetutoa jasho alikuwa mtu asiye na kosa hata moja, Mzee Magige wa Nyangoto.

Mzee Magige alikuwa mtu wa heshima zake. Boma lake lilikuwa juu ya kilima, na akisema neno mnadani, watu walikuwa wanaacha kushika ng'ombe mikia na kumsikiliza. Dhahabu ilikutwa kwenye shamba lake mwenyewe, akanunua pikapu nyeupe ya turbo, ikawa inabeba mahindi, maji, na wagonjwa wa kijiji kizima kupeleka hospitali. Yeye hakuendesha. Dereva alikuwa mtoto wa dada yake, Mwita, kijana mrefu mwenye adabu mpaka inakera. Mwita alikuwa anamwamkia mtu, halafu akikumbuka kwamba hakuvua kofia, anavua na kumwamkia upya.

Turbo ya kwanza ya ile pikapu ilikufa mapema tu. Tukaifungua, tukakuta mkaa. Ouko akasema oili ndiyo mbovu, maana kipindi kile kulikuwa na oili za ajabu mitaani, zimechujwa na kurudishwa kwenye makopo mazuri. Akamwaga yote, akaweka oili aliyoiamini, akabadilisha filta, akazibua bomba la kupeleka oili kwa waya na hewa, akafunga turbo nyingine aliyoiagiza kwa ndugu zake wa Migori.

Ya pili nayo ikafa. Tukaifungua. Mkaa tena.

"Mwita," Ouko akamuuliza, "unaliacha gari lipumue kabla ya kuzima?"

"Naliacha, mzee. Kila mara."

Na kweli, kila alipokuja gereji tulimwona kwa macho yetu. Anasimama, anatulia, gari linanguruma taratibu, ndipo anazima. Dereva wa mfano. Ouko alikaa juu ya tairi na ile turbo iliyokufa mapajani, akaigeuza na kuigeuza.

Maneno hayakukawia. Mzee Magige alisema mnadani, mbele ya watu wa koo zote, kwamba Ouko anachukua turbo nzima anawauzia wenye pesa, na yeye anampa vyuma vilivyokufa kutoka Kenya. Alisema mara moja tu, lakini neno la Magige mara moja lilitosha. Kesho yake gari la mteja mwingine lililokuwa nusu limefunguliwa lilikuja kuvutwa kwa kamba, likapelekwa Sirari. Lingine likafuata. Watu tuliozoea kunywa nao chai wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Ouko hakubishana na mtu. Aliendelea kupanga spana zake kwa ukubwa, asubuhi na jioni, na spana zenyewe hazikuwa na kazi.

Turbo ya tatu Ouko aliifuata mwenyewe, kwa pesa zake, maana pikapu ya Magige ilikuwa bado kwetu. Alivuka Sirari, akaichagua mwenyewe, akarudi nayo mapajani imefungwa kitenge cha mke wake, na hakumruhusu mtu aipokee. Tuliifunga pamoja. Kabla ya kuwasha alinionyesha tena jambo ambalo nyie mnaliruka kwa haraka zenu. Mimina oili kidogo ndani ya turbo kwa mkono, halafu zungusha injini kwa stata, ile mota ya kuwashia, bila kuiacha iwake, mpaka oili ipande ifike kwenye shafti. Turbo mpya isizunguke kavu hata mara moja. Tulipomaliza akafuta mikono.

"Hii ikifa, nyathina, nafunga gereji," akasema. "Naenda Migori kwa kaka yangu. Siwezi kuzeekea mahali ninapoitwa mwizi."

Nyathina, yaani mwanangu. Nilikuwa nampenda yule mzee, nasema wazi, na niliogopa. Niliogopa kumpoteza, na niliogopa kurudi Ringwani kufufua mashine ya kusaga. Mwita alipokuja kuchukua pikapu nikamwambia nakwenda naye mpaka Nyangoto, nataka kusikiliza gari njiani. Akafurahi kupata wa kuzungumza naye.

Tulipakia mahindi, tukaondoka. Nakwambia, sijawahi kupanda gari la dereva mtulivu kama yule. Mashimo anayazunguka, gia anabadilisha kwa wakati, mbuzi wakikatiza anawasubiri mpaka wa mwisho avuke na karibu awaamkie. Turbo inaimba safi. Tukasimama kwenye maduka ya Nyangoto kununua sukari, akaliacha gari lingurume taratibu, akanitazama kwa fahari.

"Umeona? Nalipumzisha."

"Nimeona, mura." Na moyo wangu ukazidi kuzama, maana kama kosa halikuwa kwake, basi lilikuwa kwetu.

Tukaanza kupanda kilima cha nyumbani. Kilima kile ni kikali, na mzigo ulikuwa mzito. Gia ya pili, mguu chini, injini inalia kwa nguvu zake zote. Juu kabisa, mbele ya lango la boma, Mzee Magige alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kama kawaida yake, anatazama nani anakuja. Mwita alipomwona tu, kabla hata magurudumu hayajasimama, akanyoosha mkono akazungusha ufunguo. Injini ikakatika. Gari likajisogeza lenyewe hatua za mwisho kimya kimya, na Mwita alikwisharuka chini, kofia mkononi, kichwa kimeinama.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba."

Mimi nilibaki kwenye kiti. Chini ya boneti nilisikia turbo bado inazunguka, peke yake, inakwaruza ikitafuta oili ambayo haiji. Halafu harufu ikapanda, kali, mpaka kwenye paji la uso. Niliijua ile harufu kuliko harufu ya nyumba yangu.

Nusura nipige kelele kwa furaha. Nikashuka, nikamwamkia mzee, nikamwomba ruhusa niwashe gari kidogo nisikilize kitu. Akaniruhusu, ingawa alikunja uso. Nikaliwasha, likanguruma taratibu mpaka likapoa, turbo ikapona kwa siku ile. Halafu nikamvuta Mwita nyuma ya zizi.

"Mwita, ulisema unaliacha gari lipumue kila mara."

"Naliacha."

"Na hapa?"

"Hapa?" Alinishangaa kabisa. "Hapa si kuna mzee!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini, mura? Nimwamkie mjomba wangu gari linanguruma? Si ni sawa na kumwamkia huku nimejaza ugali mdomoni? Unataka nilaaniwe?"

Hakuwa ametudanganya. Kwake yeye suala la kulizima gari mbele ya mzee halikuwa suala la gari. Ouko alipomuuliza juu ya kuzima injini, Mwita alijibu juu ya injini, na hili la langoni lilikuwa adabu, ni jambo jingine, linakaa chumba kingine. Na mimi Mkurya mwenzake nilimwelewa, hata mimi ningezima. Kilichoniuma ni jirani yao wa chini ya kilima, mchimbaji mmoja muhuni, anayeamkia wazee akiwa kwenye usukani, kioo nusu, redio juu, injini inanguruma. Turbo yake ilikuwa haijawahi kuguswa na spana. Mhuni gari lake linadumu, na mwenye adabu anaua turbo kwa shikamoo!

Nilirudi Tarime mbio kumweleza Ouko. Alinisikiliza, akanyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "inabidi mtu aende kumwambia Magige kwamba heshima yake ndiyo inaua gari lake."

"Ndiyo, mzee."

"Na mtu huyo ndiye yule aliyeitwa mwizi."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe kweli ulizaliwa kuniletea furaha," akasema. Lakini kesho yake tukaenda.

Ouko aliweka turbo mbili zilizokufa chini, mbele ya kigoda cha Mzee Magige, zimefunguliwa. Hakuanza na malalamiko. Alimuuliza habari za boma, za ng'ombe, za mtama, na akajibiwa, japo kwa ubaridi. Halafu akachukua kijiti, akakwangua ndani ya tundu la kupitishia oili, mkaa ukamwagika mchangani. Akaeleza. Mlima, mzigo, chuma kinachochemka, oili inayokatika ghafla. Alimsifu Mwita, na alimsifu vizuri, kwamba hajaona kijana mwenye malezi kama yale.

Wanawake waliokuwa wanapepeta ulezi wakaacha kupepeta.

"Kwa hiyo," Mzee Magige akasema mwisho, "mimi ndiye niliyeziua."

Nakumbuka nilitazama lango liko wapi, na kama liko wazi.

"Hapana, mzee," Ouko akajibu. "Ila zimefia mikononi mwako."

Jamani! Mwita akafunga macho kabisa. Magige akamtazama Ouko, akautazama ule mkaa, akamwita Mwita.

"Shuka na gari mpaka chini. Panda tena. Ukifika hapa, usizime mpaka niseme."

Mwita akaenda kama mtu anayepelekwa kutahiriwa mara ya pili. Tukasikia gari linageuka chini, linapanda, mluzi unalia, mpaka hilo hapo langoni. Akasimama. Mkono wenyewe ukaenda kwenye ufunguo, akaurudisha kwa nguvu. Akashuka, gari linanguruma nyuma yake, jasho linamtoka mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mjomba!"

"Sikusikii!"

"SHIKAMOO!"

"Marahaba! Mama yako hajambo?"

"Hajambo!"

"Na yule ng'ombe wake mwenye pembe moja?"

"Yupo, mjomba!"

"Anatoa maziwa?"

"Kidogo!"

"Na jirani yake? Na mbwa wa jirani?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mzee anacheza. Uso mkavu kabisa, lakini kigoda kinatikisika. Wanawake walishaelewa, mmoja kajifunika ungo usoni, mwingine kakaa chini kabisa anashika mbavu. Mwita naye anajibu kwa sauti ya mtu wa mnadani, mbwa hajambo, mbuzi hawajambo, paa la nyumba halivuji. Ouko alikuwa amesimama kando na kiganja chake juu ya boneti, anasikiliza. Chuma kilipotulia akamwinamishia mzee kichwa.

"Zima," Magige akasema.

Tulikula pale siku hiyo. Alichinja mbuzi, tukachovya nyama kwenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya mbuzi, na Ouko akajitahidi kuficha kwamba unamshinda. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya boma. Anayefika na gari hazimi mpaka salamu ziishe na mzee aseme. Maboma mengine yakaiga, kwanza kwa utani, baadaye ikawa desturi yao. Salamu za Nyangoto zikarefuka. Bibi mmoja alinilalamikia kwamba siku hizi anaulizwa habari za watu waliokwishakufa, kisa gari la mgeni halijapoa.

Lakini kwetu Nyamisangura mambo yalikuwa bado. Mzee alituelewa kwake, kilimani, mbele ya wanawake na mbuzi. Lile neno la mwizi alilisema mnadani, na kule lilikuwa bado linatembea. Wateja walirudi mmoja mmoja, wakisimama nyuma ya bega la fundi kuhakikisha hatubadilishi kitu. Ouko hakumwomba Magige lolote. Nilimwambia amwombe. Akaniambia, "Kitu kama hicho ukikiomba hakina ladha." Aliacha kuzungumzia Migori, lakini sanduku lake la safari lilikuwa limesimama nyuma ya mlango, na mimi kila asubuhi nililitazama kwanza kabla ya kumwamkia.

Mahindi yakavunwa. Turbo ya tatu ikawa nzima. Ulezi ukavunwa. Nzima.

Halafu ikawa siku ya mnada, mji umejaa, watu wanapita mbele ya gereji na ng'ombe wao. Tukasikia mluzi tunaoujua. Ile pikapu nyeupe ikaingia mpaka katikati ya uwanja wetu na kusimama, na aliyekaa mbele pembeni mwa Mwita alikuwa Mzee Magige mwenyewe, ambaye hakuwahi kukanyaga gerejini kwetu. Nyuma ya pikapu walijazana wazee wenzake wa mnadani. Akashuka taratibu na fimbo yake. Mwita akashuka, hakuzima. Watu wakaanza kusogea kutazama, wachuuzi, wateja wetu, hata wale waliozoea kupita upande wa pili wa barabara.

Ouko alitoka chini ya lori, ovaroli nyeusi, spana mkononi. Akataka kwenda kunawa kwanza.

"Simama hapo hapo," Magige akasema. "Hivyo hivyo."

Kisha akageuka, akawaelekea watu. Hakuhitaji kupaza sauti, lakini aliipaza.

"Mimi Magige nilisema mnadani kwamba huyu bwana ameniibia. Mlinisikia. Nilisema kwa sauti, na leo nasema kwa sauti vile vile. Hakuniibia. Alinipa vyuma vizima, vikafia kwangu, na aliyekuja kunieleza ukweli ni yeye niliyemtukana." Akapumua. "Kwangu mimi gari halizimwi mpaka niseme. Wote mnajua. Hapa ni kwa Ouko. Hapa atasema yeye."

Uwanja wote ukamgeukia Ouko.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akatoa kitambaa cha oili mfukoni, akajifuta macho, akajipaka weusi usoni kote, mabega yanamtikisika, na mimi nililia waziwazi bila kutafuta pa kujificha. Gari lilikwishapoa. Lilipoa zamani. Injini ilikuwa inanguruma tu, taratibu, na Mwita amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, hajui afanye nini.

"Mjomba," akanong'ona, "nizime?"

"Mwache mzee mwenzangu," Magige akasema. "Atasema akiwa tayari. Dizeli ni yangu."

Tukasimama pale, gereji nzima, wazee, wachuuzi na ng'ombe wao, tukimsubiri Ouko.